Mfuko wa Kiti cha Pili

Kwenye uwanja ule wa mafundi kila mtu alimwita Mzee Uzi, na jina lenyewe alilipata kwa haki. Wenzake walikuwa wamekwisha kununua mashine za kunyooshea magurudumu, zenye taa na vioo. Yeye alibaki na nyuzi zake mbili za nailoni. Alizitandaza ubavuni mwa gari, mmoja huku, mmoja kule, akazikaza kwenye vigingi vya chuma, kisha akapiga magoti na rula mkononi kama mshonaji anayepima pindo la gauni. Kando ya kila gurudumu la mbele alining'iniza timazi, aone kama limesimama wima au limelala upande. Gari lililoingia kwake likivuta pembeni kama mbuzi aliyefungwa kamba lilitoka likienda mbele, na dereva wake akipiga mluzi.

Aliyoyapenda kuliko yote yalikuwa magari-nyumba ya zamani, yale yenye kitanda nyuma na jiko ubavuni. Yalikuwa mazito, yamechoka springi, na usukani wake mlegevu kama jino la mtoto.

"Haya unakata kona leo, magurudumu yanapata habari kesho," alizoea kuwaambia wateja, nao walicheka. Kisha aliwapa sharti lake moja: "Niletee gari kama unavyosafiri nalo. Maji yawe kwenye tangi, sufuria kabatini, na mwenzio kitini. Gari tupu hudanganya."

Na yeye alikuwa na la kwake. Lilikaa nyuma ya karakana, rangi ya maziwa yaliyokaa sana, mapazia ya maua madogo dirishani. Alilinunua pamoja na mkewe likiwa bovu, wakalifufua taratibu, yeye chini na mkewe juu. Mkewe alishona mapazia hayo akiwa amekaa kiti cha abiria, kwa sababu mumewe alimhitaji pale pale, uzito wake ukilala juu ya springi wakati nyuzi zikipimwa.

"Mwenzangu, nitakaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka gari likuzoee."

"Wewe mwenyewe ulinizoea baada ya miaka mingapi?"

Mpango wao ulikuwa kwenda kwa binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, safari ya siku mbili. Mkewe aliugua pazia la mwisho likiwa bado na sindano. Hakupona. Gari likabaki nyuma ya karakana, na Mzee Uzi akaanza kulala humo, kwa maelezo kwamba chumba chao kilikuwa na joto.

Sasa binti huyo alikuwa amelala chali mchana kutwa kwa amri ya daktari. Mimba ilikuwa inataka kutoka kabla ya wakati wake. Mumewe alikuwa kazini ng'ambo, na likizo yake ilikuwa bado mbali. Jirani alimletea maji na chakula, akafunga mlango, akaenda zake.

"Nazungumza na dari, Baba," alisema kwenye simu. "Siku nyingine naijibia. Panda basi uje."

"Nikija kwa basi nitalala wapi, mwanangu? Una chumba kimoja. Nitakaa siku tatu, nianze kuona haya, nirudi. Nikija na nyumba yangu, nitaiegesha hapo uani mpaka mtoto atambae."

"Basi njoo nayo."

"Usukani bado."

"Bado nini tena? Mwezi uliopita ulikuwa bado."

Alisema kweli. Alikuwa amebadilisha bushi zote, zile mpira za kwenye viungo vya chini. Alikuwa amefungua sanduku la usukani na kulikaza mpaka ule ulegevu ukaisha. Alikuwa ametia springi mpya na matairi mapya. Lakini kila alipolitoa kwenda kulijaribu, akifika kwenye barabara iliyonyooka na kulegeza mikono, gari lilianza kuvuta, polepole, kwa adabu, kuelekea upande ule ule: upande wa kiti kitupu. Alilirudisha, akaongeza vibati vyembamba nyuma ya mkono unaoshikilia gurudumu, akalisimamisha upya. Nyuzi zilisema sawa. Timazi ilisema sawa. Barabara ilikataa.

Jirani yake wa karakana, mchomeleaji waliyemwita Cheche, alikuwa akimwangalia kupitia uwazi wa mabati.

"Kaka, hilo gari haliumwi."

"Wewe shughulika na mageti yako."

"Mgonjwa akipimwa na kila kipimo kikasema mzima, daktari humwangalia aliyemleta."

Mzee Uzi alijitia hamnazo, akarudi uvunguni. Uvunguni hapakuwa na mtu wa kumwambia neno.

Asubuhi moja binti alipiga simu sauti ikiwa imepungua. Daktari alikuwa amesema huenda wakamlaza wiki hiyo. "Sitaki kulazwa bila mtu wangu," alisema. "Niambie kweli, Baba, gari lina nini?"

Akamweleza, na akamweleza kifundi, kwa kuwa binti huyo alikulia kwenye uwanja ule. Alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa mzigo wa baba yake. Alipandishwa kwenye magari ya wateja pamoja na mfuko wa mchanga, akakatazwa kucheka mpaka vipimo viishe.

"Linavuta upande wa abiria," akarudia binti. "Na unapolipima, nani anakaa?"

"Nani wa kukaa? Naweka mifuko ya mchanga."

"Mingapi?"

"Miwili."

Mahali fulani upande wa binti, bomba lilikuwa likidondosha maji.

"Mmoja ni wewe," alisema taratibu. "Wa pili ni wa nani, Baba?"

Mzee Uzi aligeuka kukitazama kiti cha abiria. Mfuko ulikuwa umekaa pale, mnene, shingo yake imefungwa kwa kipande cha kitambaa cha maua madogo kilichobaki kwenye mapazia. Kila alipotoka kwenda barabarani aliushusha, maana aliogopa ataanza kuzungumza nao. Kila aliporudi kupima aliupandisha tena, bila kufikiri. Jicho lililozoea kuona kosa la unywele mmoja kwenye uzi halikuuona mfuko mzima.

"Wa mama yako," alisema mwishowe.

"Ushushe," alisema binti, na sasa alikuwa akilia. "Ushushe, uje."

Aliushusha kwa mikono miwili, akauweka chini pole pole. Gari likainuka kidogo upande ule, kama mtu aliyeshusha pumzi. Alipopiga magoti kwenye timazi akaona: gurudumu lilikuwa limelalia nje, na nafasi kati ya uzi na ukingo wa rimu ilitosha kupitisha ncha ya kidole. Alichukua spana, akaanza kutoa vibati, kimoja baada ya kingine, vyote alivyoviongeza tangu msiba. Kazi ilikuwa ndogo. Aliifanya huku machozi yakimdondoka kwenye sakafu ya zege, wala hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na grisi.

Cheche alikuja, akauona mfuko chini, akamwona mwenzake. Safari hii hakutania.

"Huu mchanga una kazi?"

"Hauna."

"Nina ndoo zangu za kuzimia moto, ziko tupu."

"Chukua. Kitambaa niachie."

Kesho yake aliondoka. Alipita viwanda, akapita nyumba za mwisho, akaingia kwenye barabara ndefu iliyonyooka. Hapo akalegeza mikono. Gari likaenda mbele, likashika mstari wake kama uzi uliokazwa, halikuomba chochote kushoto wala kulia.

"Umeona?" alisema kwa sauti, akageuka.

Kitini palikuwa na chupa ya maji tu, na alama ya mviringo ambapo mfuko ulikuwa umeukandamiza mto.

Alisogea pembeni, akasimamisha gari. Kisha akapiga simu.

"Nimetoka, mwanangu."

"Linavuta?"

"Halivuti."

"Usikate, Baba. Weka simu hapo kitini uendeshe tu. Nataka kusikia gari, nimechoka kusikia dari."

Akailaza kwenye mto, palepale penye alama. Simu haikuwa na uzito wa kuinamisha chochote. Akatia gia, akaingia barabarani.