Majani Yenye Manyoya

Juzi pale Kibirizi, kando ya wauza dagaa, binti mmoja alikuwa akimenya vitaa kwenye beseni. Ndilo jina tulilovipa utotoni vile vitunda vya porini, kwa kuwa kila kimoja hukaa ndani ya ganda jembamba, kama moto ndani ya chemli. Harufu ya majani yaliyopondeka ikanipiga puani, nikasahau hata dagaa niliowafuata.

Vitaa viko vya aina mbili, jamani, na asiyejua atavila akitema. Vya kwanza majani yake yana manyoya kama sikio la mbuzi, na tunda likiiva huwa la manjano, tamu. Vya pili majani yanateleza, tunda hubaki kijani, chungu kama shubiri. Mama ndiye aliyenifundisha, macho nimefumba. "Acha vidole viseme," alikuwa akiniambia.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, mbali na ziwa, na baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Siku moja mama akasimama mkutanoni akasema udongo ule haufai kwa muhogo, bora turudi tulikotoka. Lo! Baba aliona kavuliwa nguo hadharani. Akaapa kumrudisha kwao Kagunga. Kilichomchelewesha ni mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa bado ananyonya, kwani kwetu watoto ni wa baba, tungebaki, na anayenyonya hatenganishwi na mama yake. Basi bibi, mama yake baba, akaamuru Hamisi aachishwe. Mama apake matiti maji ya majani ya vitaa vichungu, kama ilivyo desturi. Nikatumwa mimi, mtoto wa miaka minane, nikachume.

Nikachuma yenye manyoya.

Mama akayapokea, akayapapasa, akanitazama, kisha akayatwanga. Hamisi akanyonya huku anacheka. "Huyu mtoto kiboko, mama, dawa haimwingii," mama akamwambia bibi. Siku tatu nilileta yaleyale, nikijiona mjanja niliyewazidi akili watu wazima wote.

Siku ya nne bibi akaniita, akanipa pingili ya muwa. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Mjukuu wangu, hivi vitaa vichungu mnavijuaje?"

Nikamweleza yote, manyoya na utelezi, kifua mbele.

"Nani kakufundisha?"

"Mama! Yeye hata gizani hakosei."

Jioni bibi alikwenda mwenyewe, akipapasa, akarudi na majani yanayoteleza, akamsimamia mama mpaka akapaka. Hamisi alilia siku mbili, ya tatu akanywa uji. Mama akafunga kanga zake akaondoka. Alinishika shavu tu, hakunilaumu, na hakurudi tena.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba sikumdanganya mama hata siku moja. Yeye ndiye aliyekuwa akimdanganya bibi, ili akae nasi siku moja zaidi, na mimi nikamchoma kwa kumsifu. Na ule muwa, Mungu anisamehe, niliumaliza wote.