Waya Uliopunguzwa Maretadu

Fundi Wilbard wa Dongobesh hakusomea umeme chuoni. Aliujulia kwenye redio mbovu, akiungua vidole. Baadaye Mwalimu Imakulata, aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, akamfundisha hesabu mbili za kubeba kichwani: volti ukizigawa kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani wa waya, na volti ukizizidisha kwa ampea unapata wati, yaani nguvu inayotumika.

Hesabu alizijua. Asubuhi ile hakuzipiga tu.

Aliitwa Maretadu kwa Mama Natalia. Mashine yake ya kutotolesha vifaranga, inayotumia sola, ilikuwa imekatika waya wa joto, na ndani mlikuwa na mayai sitini. Hayakuwa yake yote. Majirani walileta ya kuku wao, kila mmoja na alama yake ya mkaa. Zilibaki siku mbili yaanguliwe, na baridi ya Mbulu mnaijua. Wilbard akafanya kama wafanyavyo wengi koili ya jiko la umeme inapokatika: akaunga kipande kirefu peke yake, kifupi akakitia mfukoni. Joto likapanda upesi kuliko zamani. Mama Natalia akamsifu, akamnywesha chai.

Mchana, dukani kwake, mkono ukagusa kile kipande. Akakipima kwa mita ya umeme: omu moja. Mashine iliandikwa volti kumi na mbili, ampea nne. Kwa hiyo waya mzima ulikuwa omu tatu, na sasa zimebaki mbili. Kumi na mbili gawanya kwa mbili: ampea sita. Wati, badala ya arobaini na nane, sabini na mbili. Na kontrola ya sola, kile kifaa cha ukutani kwa Mama Natalia kinachopitisha umeme, mwisho wake ni ampea tano.

Mtu hudhani waya ukifupishwa nguvu inapungua, kumbe ndiyo inaongezeka. Akampigia Mama Natalia simu, haipatikani. Akapiga tena. Mwishowe akapima waya mpya wa omu moja, akang'oa kontrola ya dukani kwake, akakodi bodaboda. Njia nzima alikuwa anahesabu saa, mayai yanavumilia baridi kiasi gani.

Alimkuta Mama Natalia ameifunika mashine iliyozimika kwa blanketi. Nyumba ilinuka plastiki iliyoungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni betri, Wilbard?"

Angeweza kusema ndiyo. "Si betri, mama. Ni mimi. Nilifupisha waya, ukavuta umeme kuliko kontrola inavyoweza."

Mama akainua pembe ya blanketi. "Na jirani yangu Monica nitamwambia nini? Mayai kumi na mawili ni yake."

"Nitamwambia mwenyewe."

Akafunga kontrola, akaunga waya mpya mwisho wa ule wa zamani. Mita ikasoma ampea nne. Lakini kipimajoto kilikuwa nyuzi thelathini na moja, na kilipanda kama kinasita. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Hakuna aliyeketi.

Kilipokaribia thelathini na saba, Mama Natalia akachukua yai moja, akaliweka sikioni, akafumba macho. Wilbard akaona anasikiliza muda mrefu mno. Kisha akampa naye asikilize. Ndani, mbali, kitu kililia kidogo sana.

"Huyu yupo," mama akasema, akalirudisha taratibu. "Leta la pili."