Nani Aonje Uwele Kwanza

Kijiji chetu kipya, mwendo wa asubuhi moja kutoka Ilongero, kilikuwa na barabara iliyonyooka na nyumba zilizotazamana kama watu waliogombana. Tulihamishiwa hapo kutoka vilima viwili, kimoja huku, kingine kule. Mwenyekiti alisema sasa sisi ni ndugu. Mimi, mke mgeni mwenye mtoto wa kunyonya, niliitikia kama wote. Kuelewa, sikuelewa.

Kilimani, sikukuu ya mavuno haikutangazwa. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mkubwa wa wote, alipika uji wa uwele mpya, akawamwagia kidogo wazee waliozikwa kando ya zizi, kisha akaonja. Hapo ndipo nyumba nyingine zilipika, na ngoma zikalia mpaka ng'ombe wakachelewa kutolewa. Kabla yake hakuna aliyethubutu hata kulamba mwiko.

Lakini kijijini, katika nyumba ya mbele yetu aliishi bibi wa kilima cha pili, naye ndiye aliyekuwa akionja kwao.

"Kamwamkie," mama mkwe alinituma. "Mwambie watangulie wao. Sisi wageni."

Nikavuka barabara, nikapiga magoti, nikatoa shikamoo.

"Marahaba. Aa, mwanangu, wageni ni sisi. Watangulie wao."

Nikarudi. Nikatumwa tena. Siku zikapita kwa kuheshimiana, na heshima hiyo ilikuwa inamuua mwanangu. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, aliutema, maziwa yangu yalikuwa yanakauka, na uwele umejaa ndani. Nilikuwa na hasira, ila sikujua nimkasirikie nani.

Mwenyekiti akatangaza sherehe. Akaonja uji wa shamba la kijiji mbele yetu, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyewasha moto.

"Yule ameonja kwa niaba ya nani?" mama mkwe aliniuliza.

Kesho yake mchana mtoto alinyamaza. Nikamweka mapajani mwa mama mkwe. "Mama, hata kulia ameacha."

Alimtazama sana. Kisha akanirudishia mtoto, akapika. Akatoka na bakuli mpaka katikati ya barabara, nami nyuma yake. Bibi wa kilima cha pili alipomwona, akaingia ndani, akatoka na uji wake. Kumbe alikuwa amepika, akawa anasubiri.

Mama mkwe akainua bakuli awamwagie wazee waliobaki kilimani, akasita. Jua lilikuwa utosini. Nyumba zote zilifanana, na vumbi lilikuwa limefunika vilima.

"Kwetu ni upande upi?" aliniuliza.

Niligeuka huku, nikageuka kule. Nilitoka huko kwa miguu yangu mwenyewe, na mzigo kichwani, lakini kichwa kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa mwepesi mno mkononi. Nikanyoosha kidole tu.

Akamwaga, akaonja, akamlisha mwanangu. Mtoto akameza.

Yule bibi, ambaye kilima chao hakikuwahi kuwa upande mmoja na chetu, aliutazama mkono wangu, naye akamwaga hukohuko.