Sponji ya Kijito cha Isecheno

Baba alikuwa mfanyakazi wa kawaida kwenye kituo cha msitu cha Isecheno. Kazi yake mojawapo ilikuwa kusafisha mahali maji ya kituo yalipochotwa kijitoni, na hapo ndipo alinionyesha ukoko wa kijani ulioshikilia jiwe. Nilidhani ni kuvu.

"Ni mnyama," akasema. "Ukiitikisa, inajikunjanga. Yote, pamoja. Lakini ngoja, haina haraka."

Nilikuwa kidato cha tatu. Kitabu chetu cha baiolojia kiliuita ukoko wa aina hiyo sponji, mnyama wa majini asiye na ubongo wala mishipa ya fahamu, basi. Nilimweleza mwalimu wangu wa baiolojia, naye Jumamosi moja akaja na lenzi na saa. Tukaliweka jiwe ndani ya karai la maji ya kijito, tukalitikisa. Kwanza, kitundu cha juu yake, kile cha kutemea maji, kilisinyaa. Kisha mwili wote ukajikaza taratibu, na baada ya muda mrefu ukavimba tena. Tulirudia mara tatu. Mwalimu aliandika nyakati zote kwa mkono wake mwenyewe, akanipigapiga begani. "Binti, hii utaipeleka mashindano ya sayansi."

Siku ya mashindano, baba alibeba karai kutoka msituni asubuhi hiyo hiyo, maji yakimlowesha sare ya kazi. Jaji alikuwa bwana mkubwa wa ofisi ya elimu. Alisimama mbele ya meza yangu dakika mbili.

"Haisogei."

"Inachukua muda, bwana. Ukingoja kidogo..."

"Isiyo na mishipa ya fahamu itahisi kwa kitu gani? Sehemu hii itaiambiaje ile? Nani alikudanganya?"

Nikasema ni baba aliyenionyesha. Watu wakacheka. Baba alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi, akatabasamu nao kama mtu asiyejua pa kuweka uso.

Jaji akamgeukia mwalimu. "Wewe uliiona ikijikunja?"

Mwalimu akatazama karatasi zake, zile zile alizoandika. "Sikuangalia vizuri, bwana. Ni mambo ya wanafunzi."

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kijitoni, baba alilirudisha jiwe majini. "Wewe si mwongo," akaniambia. Nami, kwa hasira za kitoto, nikamjibu kwamba heri asingenionyesha. Hakunionyesha kitu kingine tena.

Baada ya miaka michache, nilipokuwa nikifanya kazi ya usafi kituoni, mtafiti mmoja mgeni alinisikia nikisimulia kisa hicho, asicheke. Akanieleza kwamba kuna sponji za bahari kuu ambazo wataalamu wamezipima: ukiigusa moja, umeme hafifu husambaa mwili mzima kupitia seli zilizoungana, nayo huacha kuvuta maji kote kwa pamoja, bila mshipa hata mmoja wa fahamu. Zile za mito yetu, alisema, pengine hupashana habari kwa kemikali tu, lakini kujikunja zinajikunja.

Baba alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia.

Nilimwendea mwalimu. Sasa alikuwa na ofisi yake mwenyewe, yenye pazia. Nilipomaliza kueleza, alicheka kwa furaha.

"Si tuliiona mimi na wewe! Njoo uwaambie wanafunzi wangu."

"Nitakuja. Lakini kwanza waambie ulivyosema siku ile, baba akiwa amesimama pale."

Akanyoosha kalamu mezani. "Binti, yule bwana ndiye aliyekuwa akikagua kazi yangu. Ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini nilikumbuka nilichomwambia baba kando ya maji, nikaona sina mdomo wa kumhukumu mtu. Nikachukua kiondo changu nikatoka. Hakuniita tena kwa wanafunzi wake, nami sikuwahi kwenda.