Kisogo cha Mama wa Kambo

Mjukuu wangu ameleta kitabu cha hadithi za Wasantali, watu wa huko India. Jana alinisomea ya zimwi lililojigeuza mke wa mtu. Yeye alicheka, mimi sikucheka hata kidogo.

Mama yangu alipokufa, baba alileta mwanamke kutoka Yaeda Chini. Siku ya kwanza alitafuna mfupa wa mbuzi mpaka ukaisha. Sisi tulihadithiwa kwamba zimwi lina mdomo wa pili kisogoni, na huyu kitambaa hakitoki kichwani. Basi mdogo wangu mchanga nikamfunga mgongoni, nikakataa kumtoa. Mtoto alilia njaa tangu asubuhi, na kibuyu cha maziwa alikuwa nacho yule mwanamke.

“Lete mtoto anywe.”

“Fungua kitambaa kwanza.”

“We mtoto! Unanitafutia nini kichwani, chawa?”

Nilikaza fundo la mbeleko. Akapiga magoti kwenye mabua ya mahindi, akafungua, akainama. Nilizigawa nywele zake kwa vidole, taratibu. Zilinuka moshi na samli. Niliona kovu la zamani, basi.

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampa. Kibuyu nilikishika mwenyewe.