Kaseti Isiyokuwa na Mwenyewe

Saa tisa na dakika kumi alasiri shemeji yangu aliingia kwenye kibanda changu cha kutengenezea redio pale Msambweni, akaweka kaseti mezani. Mkewe, ambaye ni dada yangu, alikuwa amelazwa hospitali tangu alfajiri kwa kipindupindu.

"Isikilize, shemeji."

Nilikuwa nimekwisha kuisikia. Ndani yake mwanamume alisema taratibu kwamba maji ya dripu ndiyo yanayowamaliza wagonjwa, na mwenye mtu wake amtoe. Hakujitaja. Mteja mmoja wa Ramisi alinihakikishia kuwa ni daktari aliyefukuzwa kazi. Muuza samaki wa Kibuyuni alinihakikishia kuwa ni shehe wa Mombasa.

"Huyu ni nani?" nilimuuliza.

"Ni mtu anayejua."

Niliitia kwenye redio, nikamwonyesha jinsi sauti ilivyofifia chini ya mvumo. Nikamweleza kwamba kaseti imenakiliwa kutoka kaseti nyingine, nayo kutoka nyingine, hata haijulikani ilianzia wapi.

"Basi wengi wameona ina maana," alisema.

"Asubuhi dada hakuweza kufumbua macho," nilimwambia. "Wakamtia dripu. Saa sita ameniambia nikanyoe ndevu, nisiwatishe wagonjwa."

"Wa kitanda cha pili naye, wanasema, jana alicheka. Leo yuko wapi?" Akaitoa kaseti kwenye redio. "Wewe fundi wa redio, shemeji. Mke ni wangu."

Hospitali, muuguzi alimkatalia kumtoa, kisha akachoka kumkatalia. Tulimpeleka dada nyumbani kwa teksi. Nilimnywesha maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko, akayatapika. Kabla ya magharibi aliacha kutapika, na macho yakarudi ndani. Shemeji alimtazama, akanitazama.

"Tafuta gari," alisema.

Teksi ilikuwa imekwisha kuondoka. Nilikwenda kwa jirani mwenye pikapu, nikamlipa nauli yote kabla ili asisite. Alisema anatia mafuta kwanza. Niliporudi, mlango wa chumba ulikuwa umefungwa na wanawake wako ndani.

Matangani mtu mmoja alisema dripu ilikuwa imekwisha kumwingia mwilini, wamechelewa kumtoa. Watu walitikisa vichwa. Shemeji naye alitikisa. Kesho yake mtu aliniletea kaseti hiyo hiyo nimnakilie, nikamwambia mashine ni mbovu.

Mwenye pikapu alikuja kunipa pole, akanirudishia fedha zangu zote, kwa kuwa gari halikutoka. Zilikuwa shilingi mia sita.