Rafu ya Persida

Mwaka aliofiwa na mumewe ndio mwaka macho ya Persida yalipoanza kumtupa mkono. Mwanawe Ljubiša, anayeishi mjini Niš, akataka kumhamishia kwake. Persida akagoma katakata. Mwishowe wakakubaliana: sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba yao ikifika, akiweza kupokea wageni mwenyewe, abaki.

Basi akajifunga kibwebwe. Mimi jirani yake nilimwona akihangaika kutwa nzima, nikadhani amechanganyikiwa, kumbe anajipanga. Chumvi kulia kwa jiko, kahawa kushoto. Chupa za jemu ya plamu rafu ya juu, za pilipili kali ya kusaga rafu ya chini, na ole wako uziguse. Siku moja nilisogeza kijiko tu, nikasemwa mpaka nikakoma.

Siku moja kabla ya sikukuu walifika Ljubiša na mkewe, Slavica. Slavica hana ubaya, ila usafi umemkaa kichwani. Persida alipokwenda kanisani, yeye akaziosha rafu zote na kupanga chupa kwa ukubwa. Zilipendeza, siwezi kusema uongo.

Kwetu mgeni huanza kwa kijiko cha jemu na glasi ya maji. Siku ya sikukuu, wa kwanza kukaribishwa alikuwa padri, nami nimeketi kando yake. Persida, mafua yamemziba pua, akanyoosha mkono palepale alipozoea, akajaza kibakuli, akaleta sinia bila kuyumba. Padri akatia kijiko kinywani. Machozi yakamtoka, akanywa maji yake na yangu.

Hakuna aliyecheka. Ljubiša akasema kwa upole, "Mama, imetosha. Jioni tutafunga nguo zako."

Persida akabaki amesimama na sinia lake. Roho iliniuma.

"Mama hajakosea," Slavica akasema, uso umemwiva. "Rafu nilizipanga mimi jana. Nilitaka zipendeze."

"Zimpendeze nani, mwanangu?" Persida akamuuliza, wala hakupandisha sauti.

Slavica akamshika mkono mama mkwe wake, wakaingia jikoni, akashusha chupa zote mezani na kuomba aelekezwe ipi inakaa wapi. Ljubiša akawafuata mpaka mlangoni, akasimama hapo. Habari ya kufunga nguo hakuitaja tena.

"Tuanze na chumvi," Persida akasema. "Na wewe Ljubiša, usisimame tu hapo. Mpelekee padri mkate."